Shaba ya Praimasi

Kwa Ambokile wa vyuma chakavu, nyuma ya stendi ya Tukuyu,
shaba hupimwa kwa kilo kama nyama,
na mizani yake, wanasema, ilizaliwa imeegemea upande mmoja.
Nilikuwa na elfu saba.
Elfu saba, na Foniksi kuukuu
iliyobeba mikungu ya ndizi miaka kumi na mmoja
bila kuitwa nzuri hata siku moja.

"Unataka kuipamba hiyo?" akasema. "Hiyo?"
Akanitazama kama anavyotazamwa mtu
anayemvisha punda viatu.

Nikachambua polepole, nimechuchumaa, mvua ikipiga turubai:
koki ya bomba iliyovunjika shingo,
bawaba mbili za mlango wa kanisa lililobomolewa ili lijengwe kubwa,
kufuli lisilo na ufunguo,
meno ya plagi za zamani, zile nene, za duara.
Elfu nne na mia tano. Nikaomba apunguze.
Akapunguza mia tatu, akaongeza tusi la Kinyakyusa
ambalo sitaliandika, maana lilikuwa tamu.

Bati la kukunja sikulinunua.
Lilikuwa uvunguni, ndani ya gunia:
jiko la Praimasi la mama, tumbo limetoboka,
lililotuchemshia chai miezi ile ya masika
ambapo huku kwetu kuni hulowa hata zikiwa motoni.
Nililiweka mapajani, msumeno mkononi.
Nikalinusa.
Nikaurudisha msumeno ukutani.
Kesho yake nikautoa tena.

Hakuna aliyeniambia kwamba shaba hulia ikikatwa,
sauti nyembamba, ya puani,
kama pampu yake ilivyolia alfajiri kabla hatujaamka.

Mengine nimejifunza kwa kuharibu.
Ukiikunja baridi, inapasuka.
Ilaze kwenye makaa mpaka ishike rangi ya papai,
itumbukize majini, nayo itakutii,
dakika chache tu, halafu inaukumbuka ubishi wake.
Meno ya plagi yakawa misumari ya kubana.
Bawaba zikashika madigadi.
Koki niliikata kofia, nikaivisha taa isiyowaka.
Braso ya dukani ni ya watu wenye mishahara;
mimi nina limau, chumvi, majivu ya majani ya mgomba
na soksi ya Tumpe iliyofiwa na mwenzake.

Kapange akapita, akasimama, akacheka na meno yote:
"Uzuri wa mkakasi, bwana! Ndani kipande cha mti."
Subilaga hakucheka. Aliuliza neno moja tu:
"Breki?"

Breki.
Tangu Sabasaba ya mwaka juzi breki yetu ni kandambili,
unaibana kwenye tairi la nyuma, unamwomba Mungu, unashuka Kiwira.
Nilibakiwa na elfu mbili na mia nane.
Niliitamani kengele. Niliiona kwa Mhindi, inang'aa
kama jua la watu wa mkoa mwingine.
Nikanunua mipira ya breki, elfu mbili na mia tano.
Mia tatu za Ambokile alipewa Tumpe, zikaishia kwenye ubuyu.

Ni yeye aliyeyaona maandishi.
Alipinda shingo mpaka sikio likagusa bega, akasoma herufi kwa herufi
bati la madigadi ya nyuma, nililolipigilia kichwa chini:
S, T, O, K... "Baba, Stokholm ni wapi?"
Nikamwambia ni mbali, kuna baridi kuliko Kitulo.
"Na bibi alifika?"
Nikasema, jiko lake ndilo lililotoka huko.
Hakuridhika. Sikuwa na jibu jingine.

Mvua ya Rungwe haijui kazi ya mtu.
Siku tatu tu, shaba yote imeota ukijani kwenye kona.
Kwa hiyo kila Jumamosi nakaa barazani na soksi yangu,
ukungu umekaa kwenye mgomba wa jirani, nasugua,
nasugua mpaka nione pua yangu, pana, ya kijinga.
Jioni mikono hunuka limau,
na chini ya limau, kidogo,
mafuta ya taa.